Maji au Baridi

Kila Jumapili ya kwanza ya Machi, baada ya chakula cha mchana, watu wa mji wetu wanaokuza dungusi, yaani kaktasi, hukutana katika chumba cha nyuma cha baa iliyo mkabala na stesheni. Kabla ya ajenda yoyote, kila mmoja husimama akasoma maiti wake. Ndivyo tunavyoiita orodha ya mimea iliyomfia mtu bustanini wakati wa baridi. Hakuna kupeana pole. Aliyeketi kushoto kwa msomaji ana kazi moja tu, kuuliza kila jina linapotajwa: "Maji au baridi?" Msomaji hujibu, katibu huandika, na bia huendelea kunywewa. Wapo wanaotucheka, eti watu wazima na akili zao wanaombolezea miiba. Shauri yao.

Swali lenyewe si la mzaha. Dungusi zilizotoka kwenye milima ya Amerika hazibabaishwi na baridi. Zikihisi vuli imeingia hujikausha zenyewe, zikanywea na kulala chini, zimekunjamana kama shavu la kizee. Zikiwa kavu hivyo, ziache zigande mpaka nyuzi ishirini chini ya sifuri, zitaamka Aprili na kutoa maua. Kinachoziua ni maji. Na huku kwetu kwenye nyanda za juu za Vysočina maji hayana adabu: Desemba mvua, Januari barafu, Februari theluji huyeyuka na kuganda tena kila uchao, na mzizi uliokaa ndani ya uji huo huoza. Kwa hiyo Oktoba ikifika wengi wetu huezeka matuta yetu kwa vioo vya madirisha ya zamani, tukaacha pembeni wazi ili upepo upite.

Bwana Bořivoj Skoumal hakuwa akiezeka. Na kwa miaka tisa mfululizo, zamu yake ya kusoma maiti ilipofika, alisimama, akasema "Hakuna," akaketi. Hapo watu wote waligonga vikombe vyao mezani, mara tatu, kama tunavyofanya kwa bwana harusi.

Alikuwa mstaafu wa reli. Miaka thelathini na mitano alikaa stesheni akibadilisha njia za treni, kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayejua kama upo. Utatajwa siku treni ikichelewa tu. Alipostaafu alichimba tuta nyuma ya nyumba, kina cha nusu mita, akatoa udongo wote wa mfinyanzi kwa toroli, akajaza mawe, kisha changarawe aliyoiosha mwenyewe ndoo kwa ndoo. Lilikuwa tuta safi, hilo halina ubishi.

Uongo wake haukupangwa. Mwaka ule wa kwanza mvua ya mawe ilimvunjia vioo, naye akaona uvivu kutafuta vingine. Ilipofika Februari, mmea mmoja ulikuwa umeoza. Mmoja tu. Sasa Bwana Skoumal alikuwa na desturi ya kupanda kila aina ya mbegu katika vyungu viwili, na pacha wa kila mmea aliishi bandani, mahali pakavu. Akamchukua pacha, akampanda kwenye shimo la marehemu. Siku ya mkutano alisimama, akaliona tuta lake akilini, halina pengo hata moja, na ulimi ukatamka "Hakuna." Vikombe vikagongwa. Jamani, ile sauti ilimwingia. Hakuwahi kugongewa kikombe maishani mwake isipokuwa siku ya harusi.

Mwaka uliofuata ilioza minne, mwaka wa tatu saba. Akaendelea kutoa mapacha bandani. Alijiambia kwamba tuta lisilo na pengo halina maiti. Ila kitu kimoja kilimshinda: kutupa vibao. Kila mmea wake ulikuwa na kibao cha bati alichokikata kutoka kwenye kopo la bia na kukiandika jina kwa msumari. Mmea ukifa, kibao chake alikitia katika kopo la biskuti juu ya rafu, na pacha akapata kipya. Kwa nini, hata yeye hakujua. Mkewe, Miluše, alilijua kopo hilo. Akimwona mumewe na mwiko wa bustani mwezi wa Februari, alichungulia dirishani na kumuuliza, "Nani anafufuka leo, Baba?"

Mzaha ungeishia hapo. Lakini jarida la chama likamwomba aandike, naye akaandika kurasa mbili: changarawe ikiwa safi na yenye kina cha kutosha, kioo ni cha nini? Kichwa kilikuwa kimevimba, na kichwa kikivimba macho hufumba.

Aliyesoma kurasa zile kwa makini kuliko wote ni Bibi Hedvika Vrtělová, aliyekuwa mpishi wa shule. Yeye alikuwa na dungusi kumi na tisa tu, za aina moja, zenye maua mekundu kama damu ya mzee. Mbegu zake alitumiwa kwa barua mwaka 1979 na mtu wa Colorado asiyemjua, enzi ambazo barua kutoka Amerika ilisomwa na watu wa serikali kwanza, kisha mwenyewe akaitwa kueleza. Alieleza. Wakamrudishia bahasha, na ndani zilibaki mbegu ishirini na tatu. Miaka thelathini na mmoja alizilea. Vioo alivichukia, kwa sababu kila upepo ukivuma alikaa macho akisikiliza kama vinapasuka.

Alikuja kwa Bwana Skoumal na futi ya fundi, akapima tuta, akaandika kila kitu kwenye daftari. Kisha alichimba la kwake, peke yake, mwanamke wa miaka sitini na sita na sururu mkononi, misimu miwili ya kiangazi. Alipohamisha mimea yake na kuondoa vioo, Oktoba ile, alimwita mwalimu wake aje kuona. Bwana Skoumal angeweza kumwambia ukweli pale pale. Badala yake akasema, "Sasa utalala bila kusikiliza upepo."

Desemba hiyo mvua ilinyesha wiki tatu. Siku ya pili ya Januari iliganda ghafla, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, ikakaa hivyo mwezi mzima. Theluji ilipoondoka, Bwana Skoumal alipita tutani mwake akibonyeza mmea mmoja mmoja kwa kidole gumba. Mzima hurudisha kidole. Uliokufa humeza kidole, laini kama ndizi iliyopitiliza. Ishirini na miwili ilikuwa imekufa. Alikuwa akipanda pacha wa sita wakati Miluše alipomwita kwenye simu. Hedvika alikuwa anamwomba aje.

Kwa Hedvika hakuhitaji kubonyeza. Mimea yote kumi na tisa ilikuwa imegeuka rangi ya chai na kumwaga maji. Hedvika alikuwa amepiga magoti kando ya tuta, amechimbua changarawe pembeni, anaitazama kiganjani.

"Nilikosea wapi, Bwana Skoumal?" aliuliza. "Kina ni kile kile. Niliosha mpaka maji yakatoka meupe. Wewe imekufia mingapi?"

Alijitia kulichunguza shimo. Akaingiza mkono, akatoa udongo, akaufinyanga. Ulikuwa mchanga mtupu. Tuta lile lilichimbwa vizuri kuliko lake.

"Huku chini naona kuna mfinyanzi," akasema. "Maji yalituama."

Hedvika alitikisa kichwa kukubali. Alisema basi, ni uzee. Mikono haina nguvu tena, aliacha kuchimba mapema. Atapanda viazi. Hakulia. Alimshukuru kwa kuja, akamfungia mayai sita ya kuku wake katika gazeti aende nayo.

Bwana Skoumal alirudi na yale mayai kayashika kama mtu aliyekamatwa nayo. Jikoni Miluše alimtazama mara moja tu.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Bado mpaka lini, Baba?"

Aliyaweka mayai mezani. Mkewe hakumkaba koo. Siku hiyo na siku zote zilizofuata aliandaa meza kama kawaida, supu, nyama, viazi, na pembeni ya sahani ya mumewe akaweka lile kopo la biskuti. Akila, lipo. Akisoma gazeti, lipo. Akilirudisha juu ya rafu, analikuta mezani mlo unaofuata. Na mapacha waliobaki bandani hawakupandwa.

Jumapili ya mkutano Hedvika aliketi kushoto kwa Bwana Skoumal, mahali alipozoea kuketi tangu alipomfanya mwalimu wake. Zamu ya Hedvika ilitangulia. Kwa kuwa mimea yake ilikuwa ya aina moja, aliitaja kwa namba, wa kwanza mpaka wa kumi na tisa, na kila mara mwenyekiti, Bwana Zbyněk, aliyeketi kushoto kwake, aliuliza maji au baridi, na kila mara akajibu maji. Alipomaliza hakuketi.

"Niseme neno," alisema. "Kosa ni langu. Sikuchimba vizuri, Bwana Skoumal aliona kwa macho yake. Msije mkailaumu changarawe."

Akaketi. Wote wakamgeukia Bwana Skoumal, na wengine vikombe tayari mkononi. Alijua kwamba akisema lile neno lake moja, vikombe vitagongwa, Hedvika atapanda viazi, na hakuna mtu duniani atakayejua, ila yeye na Miluše. Akainama, akatoa kopo la biskuti kwenye mfuko, akalimimina. Vibao vya bati vilisambaa mezani, vingine vikaingia chini ya sahani.

"Hawa ni wa miaka kumi," alisema. "Na huu ukiwemo. Nilikuwa nabadilisha. Wakifa, napanda wengine mahali pao."

Akachukua kibao cha kwanza, akasoma jina. Desturi ilikuwa ikimsubiri aliyeketi kushoto.

"Maji au baridi?" Hedvika akauliza.

"Maji."

Kibao cha pili. Maji. Cha tatu. Maji. Mwenyekiti alitaka kumwambia yatosha, wameelewa, lakini Hedvika alikwisha uliza cha nne. Hakumsamehe hata kimoja. Mmoja ulikuwa baridi; mwingine Bwana Skoumal aliomba uandikwe mbwa wa jirani, na hakuna aliyecheka. Karibu na kibao cha thelathini Hedvika aliacha kutazama vibao, akawa anamtazama yeye usoni. Vilikuwa themanini na sita. Katibu aliomba kalamu nyingine.

Kibao cha mwisho kilipowekwa chini, Bwana Skoumal alibaki amesimama.

"Na wale kumi na tisa wa Bibi Vrtělová," alisema. "Pale chini hapakuwa na mfinyanzi. Nilimdanganya."

Hedvika akauliza kama alivyouliza kwa wale wengine wote.

"Maji au baridi?"

"Maji," akasema. "Na mimi."

Katibu hakujua aandike nini, akaandika yote mawili. Bwana Skoumal aliketi. Alingoja atukanwe, na kwa kweli alitaka atukanwe. Hedvika alikuwa ameviweka viganja vyake viwili mezani, vyenye sugu za sururu, anavitazama.

"Kumbe nilichimba sawasawa," alisema.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, ambayo hayakutoka siku ile tutani. Akayafuta kwa kitambaa cha meza. Alisema hataki pole yake, wala mapacha wake hawataki. Ana mbegu nne za ile bahasha, alizificha kwenye kabati miaka yote hii, ataona kama bado zina uhai. Kisha akamwambia kesho saa tatu aje kwake. Vioo viko nyuma ya banda, vina tope la vuli na baridi nzima, na atakayeviosha ni yeye Bwana Skoumal.

Alikwenda. Vioo vilikuwa kumi na vinne. Aliviosha kwa maji ya kisima mpaka vidole vikamfa ganzi, akavipanga kimoja kimoja juu ya tuta ambalo halikuwa na mmea hata mmoja. Hedvika alisimama pembeni na koti lake la jikoni, akimwonyesha palipopinda.