Kukubali kwa Masanja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ndogo ya wachimba dhahabu upande wa Geita, Mganga Mkuu alinikabidhi aproni nyeupe akaniuliza, kwa Kihispania, kama naogopa damu. Nilimwelewa nusu tu. Nilikuwa binti kutoka Shinyanga, nimefundishwa kufunga vidonda na masista waliotoka nchi moja na yeye, na Kihispania changu kilikuwa cha jikoni na cha sala. Kiswahili chake kilitosha kuomba maji. Basi nikawa nesi msaidizi na mkalimani wake.

Ninyi vijana msidhani ukalimani ni kubadilisha maneno tu. Mguu, homa, usaha, hayo hayasumbui. Kazi iko kwenye yale yasiyoshikika: aibu, radhi, wasiwasi. Wagonjwa wengi walinieleza shida zao kwa Kisukuma, nami nilitafuta pa kuziweka. Mganga Mkuu alikuwa mkali hapo. "Usinipe neno la jirani," alizoea kuniambia. "Nipe lenyewe."

Mwaka mmoja wa mvua nyingi aliletwa mchimbaji aitwaye Masanja, mguu umepondwa na mwamba. Mganga Mkuu akaona lazima ukatwe siku ileile, kabla uozo haujapanda. Nikamweleza Masanja yote. Akageukia ukutani, kisha akasema, "Haya, fanyeni."

Kihispania kilinipa njia mbili. Ningeweza kusema *acepta*, yaani anakubali kwa hiari yake. Au *se resigna*, yaani ameacha kupinga kwa kuwa hana nguvu ya kukataa. Niliutazama mgongo wake, nikatamka la pili.

Mganga Mkuu akavua glovu. Akaniagiza nimuulize mgonjwa anataka nini hasa. Masanja akajibu kwamba anataka mkewe aambiwe kwanza, maana ndiye atakayelima akiwa na mume wa mguu mmoja. Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa kwao Runzewe. Gari la hospitali likatumwa kumfuata, likakwama matopeni, likarudi naye kesho yake mchana. Masanja alikuwa hamtambui mtu kwa homa. Mguu ukakatwa, lakini jioni akafariki.

Mama Kulwa aliniuliza mumewe alikuwa amesema nini. Nikamsimulia yote, hata lile neno nililolichagua na sababu yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga vizuri kitenge chake.

"Dada," akasema, "ungesema tu amekubali."

Nilimpelekea Mganga Mkuu maneno hayo kama yalivyo. Akasema neno langu lilikuwa sahihi, na aliyeamua kusubiri ni yeye. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine mingi, Geita na baadaye Kahama, na hakuwahi tena kunisifu kwa neno lolote.

Sasa nimestaafu. Wanaojifunza ukalimani wakija kunisalimu huniuliza kama leo ningechagua vingine. Nawajibu kwamba sijui, nao hudhani nakwepa. Masanja alisema ukweli wake, nami niliufikisha ulivyo. Lakini ningesema lile neno jingine, huenda angeamka bila mguu, akanichukia, akazeeka akinilaumu kwa kila apitaye mlangoni kwake. Natamani sana kulaumiwa hivyo.