Prosesa Niliyoiharakisha

Baba alifanya kazi reli miaka yake yote ya nguvu, na alipostaafu alibaki Manyoni na mama, kwenye nyumba ya kupanga. Mimi nilikuwa na kiwanja Utemini, hapa Singida mjini, na kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta. Nilipomwambia nitawajengea, hakuuliza lini. Aliuliza itafananaje.

"Nichoree niione," alisema kwenye simu. "Ila usinichoree mistari. Mistari siku hizi siioni. Weka rangi."

Alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazima. La kulia, daktari alisema, lilibakiza kitundu cha kuonea cha katikati, nacho kilikuwa kinazidi kuziba. Dada yangu mkubwa, anayeishi nao, ndiye aliyenitahadharisha: "Mdogo wangu, usichelewe."

Ningeweza kuitia rangi ile ramani kwa mkono na kupanda basi kesho yake. Nimeifikiria siku hiyo mara nyingi. Lakini nilitaka jua la asubuhi lionekane likiingia dirishani na kuangukia kiti chake. Picha ya namna hiyo kompyuta huitengeneza polepole, kipande kwa kipande, na yangu ya mezani, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ilihitaji saa kumi na sita. Umeme wa mtaani kwetu haukai saa kumi na sita. Mara mbili ulikatika kazi ikiwa katikati, na mara mbili nikaanza upya.

Ndipo nikaamua kuilazimisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikimbie kuliko ilivyopangwa kiwandani. Nilikuwa nimeona watu wakifanya hivyo mtandaoni. Unaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, kabla kompyuta haijawaka vizuri, unapandisha namba moja, unajaribu, unapandisha tena. Hatua ya kwanza ilikubali. Ya pili ikakubali. Nilifurahi kama mjinga. Ya tatu skrini ikageuka buluu na kuzima, nami badala ya kurudi nyuma nikaiongezea volti.

Prosesa ilistahimili. Kilichoshindwa ni mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba kila kitu na kugawa umeme. Ulikuwa wa bei rahisi, na vumbi la kiangazi cha Singida lilikuwa limejaa hata kwenye feni. Kazi ilipofika zaidi ya nusu nilisikia harufu ya plastiki iliyoungua. Kisha kimya.

Nilipobonyeza tena, feni zilizunguka, zikasimama, zikazunguka, zikasimama. Skrini ilibaki nyeusi. Nilichomoa ile betri ndogo ya saa ili mipangilio ifutike. Nikabadilisha nafasi za memori. Nikapuliza vumbi na kusafisha miguu ya kila kifaa kwa kifutio cha penseli. Siku ya tatu nilikaa sakafuni nikiwa na bisibisi mkononi, na sikukumbuka nilitaka kufungua nini.

Fundi wa kompyuta mjini aliipima, akatingisha kichwa.

"Kaka, prosesa ni nzima. Mazabodi ndiyo imekufa."

"Nyingine nitapata wapi?"

"Ya aina hii? Labda Dar, nayo ni ya kusubiri."

Nilisubiri. Iliyokuja kwa basi baada ya wiki moja na zaidi ilikuwa na pini zilizopinda pale prosesa inapokaa. Fundi alijaribu kuzinyoosha kwa sindano, moja ikavunjika. Tukaagiza nyingine. Siku hizo dada alikuwa akinipigia. Mara, baba amemimina chai pembeni ya kikombe. Mara, amemwita mama kwa jina langu mimi, akidhani ni mimi nimeingia. Baadaye akaacha kunieleza, akawa anauliza tu, "Bado?"

"Bado, dada."

Mazabodi ya tatu ilikubali. Niliiacha prosesa kwenye kasi yake ya kawaida, sikugusa kitu. Umeme siku hiyo haukukatika. Saa kumi na sita zikapita, picha ikatoka, na jua lilikuwa pale pale nilipolitaka.

Nilichapisha kwenye karatasi kubwa, nikaenda Manyoni. Baba alikuwa amekaa sebuleni, uso ameuelekeza mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na nyumba?"

Nikamwekea mapajani. Aliinua karatasi karibu na jicho la kulia, akaisogeza pembeni, akairudisha. Akaenda nayo dirishani, akiuegemea ukuta. Mama alisimama akifuta mikono iliyokuwa mikavu.

"Hii nyeupe nyeupe ni nini?" baba aliuliza.

Ilikuwa sehemu ya karatasi isiyokuwa na kitu, ukingoni.

"Ni anga, baba."

"Eeh." Akapitisha vidole juu ya wino. "Na mlango umeuweka wapi?"

Nikaanza kumweleza mlango, baraza, chumba chao, nikaishia kwenye kile kiti chenye jua. Baba alimkabidhi mama ile karatasi.

"Ikunjeni vizuri," alisema. "Isije ikachanika."

Akarudi kwenye kiti chake akipapasa, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.