Kiti cha Mgeni Msibani kwa Mama Mkubwa

Leo nimepewa kiti cha mgeni kwenye msiba wa mtu aliyenilea.

Tumemzika mama mkubwa kijijini, Maposeni.

Juzi, kabla sijapigiwa simu ya msiba, nilikuwa saluni Songea mjini, ninakoishi. Nikapakwa dawa ya kuchubua uso ili madoa ya chunusi yatoke. Dada wa saluni akanionya: usikae juani, usisogelee moto.

Sasa msibani mwanamke asiyesogelea moto ni mwanamke gani?

Wenzangu wanasonga ugali nje, jua kali, moshi tele. Mimi nimejibanza ukutani, mtandio hadi machoni.

Machozi nayo yanachoma kama pilipili, nayafuta harakaharaka.

Nikamsikia mama mdogo: "Huyo hata kulia anaogopa kuharibu uso."

Jamani, nilikuwa nalia kweli!

Nikajitosa, nikashika mwiko. Zawadi, binti wa marehemu, akauondoa mkononi mwangu taratibu. Akaniwekea kiti cha plastiki kivulini.

"Kaa hapa, dada. Wageni tunawahudumia."

Mngekuwa ninyi mngemjibu nini?

Mimi nilikaa.

Kusonga ugali alinifundisha mama yake, kwenye mafiga yaleyale.