Kiti Kinashuka, Chuma Hakishuki

Kazi yangu ni kutia kuku dawa machoni. Tone moja kwa kila kuku, jicho moja tu, halafu unamshika mpaka apepese. Hiyo ndiyo chanjo ya kideri, na kideri kikiingia bomani kikute kuku hawajachanjwa, hakichagui jogoo wala kifaranga. Nilifundishwa siku tatu chini ya hema na watu wa mifugo, nikapewa daftari kubwa la jalada gumu la kuandikia boma na idadi ya kuku. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini kuandika kuku ishirini na wawili hakuhitaji chuo.

Dawa yenyewe inataka baridi. Naichukua Migori, naitia ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana pamoja na barafu ninayoomba kwa wauza samaki, narudi nayo mpaka Ogwedhi. Kutoka hapo ni miguu. Maboma yangu yametawanyika huko juu kwenye mpaka wa Narok, na pikipiki hazipendi njia zile. Zinapanda mpaka penye mawe, kisha mwenye pikipiki anazima na kusema, "Dani, mimi mwisho wangu ni hapa." Dani ni nyanya, na kila kijana wa Ogwedhi ananiita hivyo hata kama simjui mama yake.

Ubaya wa dawa hii ni kwamba ikipata joto inakufa, lakini rangi yake haibadiliki. Ukiitazama utadhani ni nzima.

Boma la mwisho, juu kabisa, ni la mjane mmoja Mkuria. Yeye Kijaluo hajui, mimi Kikuria changu ni cha salamu, kwa hiyo tunasemezana Kiswahili, kila mtu na chake. Kuna siku nilifika kwake jua likiwa utosini. Nilipofungua chupa nikasikia uvuguvugu. Nilijua. Lakini nilikuwa nimetembea tangu asubuhi, goti limevimba, na yeye alikuwa amewafungia kuku wake wote jikoni wakinisubiri. Nikatia dawa. Nikaandika kwenye daftari: kumi na tisa.

Wiki mbili baadaye kideri kilipita huko. Nilipopanda tena nilikuta jogoo mmoja, na tetea mmoja mwenye shingo iliyopinda.

"Ulinitilia maji," akasema mjane.

Sikubisha. Nikamwambia dawa ilikufa kwa joto njiani, na kwamba nilijua wakati natia.

Akanitazama kidogo. "Ungeniambia tu. Ningewapeleka kwa dada yangu mpaka ugonjwa upite." Akaendelea kuchambua maharagwe yake. "Siku nyingine ukija, mimi natia mkono wangu ndani ya hiyo chupa kwanza. Kama hakuna baridi, shuka na dawa yako."

Alikuwa na haki. Majirani zake wawili wakasikia, nao wakaanza kusema vile vile. Nikaona jambo liko wazi: ama nifike juu barafu ikiwa bado barafu, ama niwaache watu wa mlimani na kideri chao.

Baiskeli nilijua kuendesha tangu usichana. Nilikuwa naiba ya kaka yangu na kuiendesha nimepitisha mguu katikati ya fremu, kama watoto wote walivyofanya. Mwanamke mzima hawezi kupitisha mguu katikati ya fremu. Baiskeli nyeusi ya marehemu mume wangu bado iko nyumbani, lakini ile ni ya mtu mrefu na ya barabara tambarare. Nilitaka ile ya gia, ya tairi za meno, ambayo vijana wanaita mauntini.

Nikaenda Migori. Mwenye duka la baiskeli alikuwa Mwislamu wa kutoka Pwani, mtu wa adabu, Kiswahili chake kimenyooka kuliko barabara zetu.

"Bibi, mtu mzima ni ishirini na sita," akaniambia, akimaanisha ukubwa wa tairi.

"Tairi sina shida nayo. Nauliza fremu."

"Twakishusha kiti, bibi. Kikifika chini hata mjukuu wako ataipanda."

Akakishusha mpaka kikagota. Nikakaa, yeye ameishikilia, miguu ikafika kwenye pedeli. Nikaridhika. Hakuna aliyeuliza, hata mimi, nitakuwa wapi nikitoka kwenye kiti. Mtu mfupi hapati taabu akiwa amekaa. Taabu inakuja akisimama.

Niligundua hilo siku ya kwanza, mbuzi walipokata njia mbele yangu. Nikashika breki, nikateremka mbele ya kiti kama kila mtu anavyoteremka, miguu ikatafuta ardhi isiione. Nilichokutana nacho kwanza ni chuma cha juu cha fremu. Sitaeleza zaidi. Nikaanguka ubavu, chupa ikapasuka, dawa ya kuku mia ikanywewa na mchanga.

Niliporudi Ogwedhi nikiisukuma, kijana mmoja wa pikipiki aliniuliza mbele ya wenzake, "Dani, hiyo ndinga unaiendesha ama inakuendesha?"

"Ikiniendesha," nikamjibu, "angalau haijawahi kuniacha penye mawe."

Wenzake wakamcheka mpaka akawasha pikipiki akaondoka.

Mwenye duka alikubali kuichukua tena, ingawa ilikuwa na mkwaruzo. Akanitolea ya watoto, nikaipanda pale pale barazani, magoti yakanigonga kifuani. Nikamrudishia. Kiti kinashuka, nikamwambia, chuma hakishuki. Akasema neno hilo atawaambia wateja wengine.

Sasa, mimi nina mkwe fundi wa baiskeli, mume wa binti yangu, yuko Homa Bay. Mtu atauliza kwa nini sikuanzia kwake. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawazoeani. Hatupeani mkono, hatuketi karibu, mimi sili kwake, na akiniona njiani anasimama pembeni mpaka nipite. Ameoa kwangu miaka kumi na miwili na sijawahi kumtazama usoni vizuri. Ni heshima, na sijawahi kuona ubaya wake. Lakini baiskeli ni kitu cha kupima mwili.

Nikampigia binti yangu simu. Nilimsikia mkwe nyuma yake akigonga chuma, kisha akaacha kugonga.

"Mwambie mama atume urefu wake," akasema.

"Mama, anasema utume urefu wako."

"Nimesikia. Mwambie wewe unanipita kichwa kizima."

"Amesikia, mama."

Baada ya siku chache ikaja fremu juu ya gari la samaki. Kweli ilikuwa ndogo kuliko ya Migori. Nikaisimamia uani, mguu huku na mguu huku, ikiwa tupu, haina tairi, nimeiwekea matofali mawili mahali pa tairi. Bado chuma kilinigusa. Kosa halikuwa lake. Mimi ni mrefu wa kiuno, mfupi wa miguu. Kanisani tukikaa kwenye benchi niko sawa na wengine. Tukisimama kuimba ndipo ninapopotea. Yeye alipima kimo, na mtu hapandi baiskeli kwa kimo.

Nikapiga simu tena.

"Anauliza imekosea wapi," akasema binti yangu.

Nikafikiri namna ya kulisema. "Mwambie ni miguu."

Nikasikia nyundo ikiwekwa chini upande ule.

"Mama," binti yangu akasema, "ametoka nje."

Sikumlaumu. Fundi wa mtaani angeweza kunipima, lakini nani huyo atakayenyoosha kamba kutoka kwenye unyayo wa nyanya ya watu mpaka huko juu? Hata ningemruhusu, angekataa. Kwa hiyo wote walikuwa wananipima kwa macho, kwa heshima, na heshima ile ilikuwa inanirudisha chini ya mlima kila mara.

Nikafunga mlango. Nikavaa suruali ya kazi na viatu vya kazi, nikasimama kisigino ukutani. Nikalichukua daftari la kuku, nikaliweka katikati ya miguu, mgongo wake umegusa ukuta, nikalivuta juu mpaka likakaa pale ambapo chuma kingekaa. Nikapiga alama kwa mkaa. Halafu nikachukua kamba ya katani, nikapima kutoka sakafuni mpaka kwenye alama, nikafunga fundo. Chini ya fundo hilo, upana wa vidole viwili, nikafunga la pili. Alama ya mkaa bado iko ukutani. Wageni wakiuliza nasema ni ya kupimia mjukuu.

Binti yangu alipokuja kunisalimia nikampa kamba.

"Mpe. Mwambie chuma cha juu kisipite fundo la pili. Na asiulize kamba ni ya nini."

"Atajua, mama."

"Ajue. Asiulize."

Yaliyofuata niliyasikia kwa binti yangu. Mkwe alitembea na kamba ile kwenye mfuko wa shati, kila alikoenda kutengeneza. Kisegi siku ya soko alipima kila baiskeli iliyoegemezwa ukutani, mpaka mama mmoja wa samaki akamuuliza kama baiskeli zimeanza kuchongewa majeneza. Hakupata. Ndogo zote zilikuwa za watoto, na za watu wazima zote zilikuwa za wanaume warefu, kana kwamba wafupi hatuendi popote.

Akaipata kisiwani Rusinga. Ilikuwa geti. Mzee mmoja alikuwa ameifunga kwa waya kwenye mwanya wa ua wa shamba lake la mahindi, mbuzi wasiingie. Haikuwa na tairi wala kiti, rangi imebabuka, chuma cha juu kimelala kikiteremka kuelekea nyuma. Mkwe akapiga magoti pale njiani na kamba yake, akajumlisha na kimo cha tairi. Chuma kikapita chini ya fundo la pili, na nafasi ya kidole ikabaki.

"Hiyo ni geti," mzee akamwambia.

"Naona, baba. Na kabla ya kuwa geti?"

"Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa nasari, mfupi hivi. Alihama akaiacha." Mzee akatazama kamba. "Ukiitoa, mbuzi wangu utawaambia nini?"

Mkwe akarudi kesho yake na mbao, akamtengenezea geti la kweli, lenye bawaba. Ilimchukua siku nzima.

Aliileta mwenyewe kwangu, imeshapata tairi na gia, kwa sababu breki zilitaka kurekebishwa nikiwa juu yake. Alisimama nje ya ua akitazama barabarani, amenipa mgongo, binti yangu akiwa katikati yetu. Nikapanda, nikateremka mbele ya kiti. Miguu yote miwili ikashika chini. Nikapitisha vidole viwili kati yangu na chuma, vikapita.

"Mwambie imekaa."

"Amesikia."

"Mwambie breki ya mbele inapiga kelele."

Niliona masikio yake yakisogea. Nadhani alikuwa anacheka. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, binti yangu akampelekea baiskeli, akaikaza breki.

Safari ya dawa iliyofuata nilitoka Ogwedhi alfajiri, nikapanda mlima na gia ndogo kabisa, nianze na boma la juu. Siwezi kusema niliendesha njia yote. Penye mawe nilishuka nikasukuma, lakini nilishuka kwa miguu yangu, sikuangushwa. Kwa mjane nilifika umande ukiwa bado kwenye nyasi. Alikuwa ameanza upya, ana kuku tisa, nao walikuwa wametapakaa uani kwa sababu hakunitarajia saa hiyo.

Sikumsalimia sana. Nikafungua chupa mpya nikamsogezea. Akajifuta mkono kwenye leso, akautia ndani, akauacha humo. Alipoutoa akaugusisha shavuni.

"Ni baridi," akasema. "Sasa nani atakamata hawa?"

Tukawakimbiza, wazee wawili, mmoja mmoja, tone kwa tone. Wa tisa, jogoo, aliruka juu ya paa la jiko akakataa kushuka. Mjane alimwita kwa mtama, akamtukana kwa Kikuria, akamrushia kandambili. Tulimngoja. Barafu ikaanza kulegea ndani ya chupa.

"Andika tisa tu," akaniambia. "Huyo ni mkaidi, hata kideri kitamwogopa."

Nikafunga chupa. Nikaandika nane.