Masala Juu ya Paa

Mwaka wa pili tangu tutoke Unguja, mimi na mama yangu tulikuwa tukikaa Darsait, ng'ambo kwa Waarabu, katika vyumba viwili, na alhamdulillahi hatukulala na njaa. Nilikuwa karani wa Mwingereza mmoja, mfanyabiashara pale bandarini Mutrah. Yeye ndiye aliyeniazima kitabu ili Kiingereza changu kinyooke. Kilikuwa na barua za mchoraji wa kwao, aliyefariki kabla baba yangu hajazaliwa, pamoja na michoro ya milima na pwani alizozitembelea.

Kitabu kile kilinivuruga. Mimi nimekaa chuoni tangu utotoni, na nimefundishwa kwamba herufi ni amana; ukiondoa moja, maana imeharibika. Mtu huyu akiyaharibu maneno kwa makusudi. Aliyageuza, akayaunga, akabuni mengine yasiyokuwamo katika kamusi. Mstari mmoja analalamikia macho yake na upweke, wa pili kajichora ndege mnene mwenye miwani. Hata juu ya milima aliyoichora aliandika: hapa jiwe, hapa zambarau, na jiwe lenyewe kaliandika kwa herufi za mzaha. Nilimwuliza tajiri wangu maana yake. Akasema haina maana, ndiyo raha yake. Nikarudi nyumbani sijaelewa zaidi.

Mama hakujua herufi za Kizungu. Aliponiona na kitabu aliuliza ni nini, nami nikajibu bila kufikiri, "Barua." Akauweka chini ungo wa mchele.

Ndugu yangu mdogo alikuwa amebaki Unguja. Tulimwandikia mara nyingi, barua za adabu, zenye salamu na dua na maswali: yuko wapi, anakula nini, nani anamsumbua. Hakuna iliyojibiwa. Watu walisema barua zinafunguliwa njiani. Mama hakuwa mtu wa kulia, lakini kila aliyeshuka bandarini alimwuliza kama amemwona mwanawe.

Nikamweleza upesi kwamba si barua zetu, ni za Mzungu marehemu. Akataka nimsomee hivyo hivyo. Nikamfasiria nilivyoweza, nikijikwaa kwenye yale maneno yasiyo maneno, nikamwonyesha na majabali yaliyoandikwa juu. Akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tufike.

"Huyu anasema kinyume," alisema. "Kama mdogo wako."

Kinyume ni ule mchezo wa kwetu wa kupeleka mwisho wa neno mbele: nyumba ikawa mbanyu. Yeye na ndugu yangu wakisemezana hivyo jikoni kutwa, na mimi na vitabu vyangu sikuwahi kushika hata neno.

"Barua zako ndizo zinazomfunga mdomo," akaniambia. "Unamhoji kama kadhi. Nani atathubutu kujibu? Mwandikie upuuzi, na uchore."

Sikujua kama inafaa. Kuchora chenye roho sikutaka, basi nikachora mlima ulio nyuma ya nyumba yetu, ukatoka kama nundu ya ngamia. Mama akanitajia maneno ya kinyume ya kuandika juu yake kwa herufi za Kiarabu. Niliandika kama mwanafunzi wa imla, sifahamu ninachokiandika, nikaipeleka barua posta nikiona haya.

Miezi ikapita. Kisha ikaja karatasi yenye muhuri wa Mombasa, pengine msafiri kaivusha kutoka Unguja akaitia posta huko, haina jina wala salamu. Ilikuwa na mchoro wa nyumba na mnazi uliopinda, na juu ya paa neno moja: masala.

Nikaigeuza karatasi huku na huku. "Anataka viungo," nikamwambia mama. "Yuko kwenye karafuu, anaagiza viungo kwetu?"

Aliichukua, akaitazama sana.

"Weye, na chuo chote kile. Hilo *ma* lirudishe nyuma."

Nikalirudisha. Salama.

Nilisujudu pale pale. Nilipoinuka, mama alikuwa amekalia mkeka, karatasi kifuani. Lakini wasiwasi haukunitoka. Ndugu yangu alikuwa mpenda pilau tangu mdogo, na mzaha wake nilishindwa kuusoma hata tukiwa nyumba moja. Nikamwuliza mama, kwa upole, na kama kweli anataka viungo?

Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Basi mpelekee," akasema. "Akiwa salama, atakula."

Nikavaa viatu, nikaenda Mutrah kununua masala.