Mkebe wa Beringi

Mke wangu alikuwa fundi wa mota. Alianza na feni, akamalizia na droni. Mimi ni mwashi. Nyumba niliijenga mimi, lakini chumba cha mbele kilikuwa chake: meza, taa, koleo, na mkebe wa maziwa ya unga wa kutupia beringi zilizokufa.

Mota ya droni haina brashi, vile vipande vya kaboni vinavyosugua na kulika. Kinachosuguana ndani yake ni beringi mbili tu, moja juu, moja chini, ndogo kama vifungo vya shati. Zikifa, na mota imekufa, hata shaba na sumaku zikiwa mpya.

Alizipima kwa vidole. Aliizungusha shafti polepole, macho yakiwa mbali, kama mtu anayesikiliza jirani nyuma ya ukuta. Beringi nzuri iliteleza. Mbaya ilikwaruza kama ina punje ya mchanga. Mafundi wengine huosha beringi kwa petroli, grisi yote ikatoka, wakaipuliza kwa upepo wa pampu mpaka ikapiga mluzi, mteja akafurahi. Yeye alicheka. "Umeivua nguo, halafu unaitimua mbio. Itafika wapi?"

Fahari yake ilikuwa kutotupa beringi iliyo hai. Ndiyo maana watu walimletea kazi.

Mdogo wake wa kiume ana droni ya kunyunyizia dawa mashambani, mota nne. Dawa ile huingia kwenye beringi ikala grisi. Mota moja ikikwama angani, droni inashuka yote na tangi lake, na chini kuna watu wanapalilia.

Kisha mke wangu akaugua. Ugonjwa wenyewe siuandiki. Dawa za hospitali ziliua vidole vyake. Kikombe cha chai ya moto alikishika kama cha maji. Hakumwambia mtu. Meza ile ndiyo iliyomtoa kitandani.

Msimu ulipokaribia, shemeji akaja na mota zake.

"Dada, mgonjwa gani ana grisi mpaka puani?"

"Mgonjwa ni wewe unayeamka saa nne. Lete hapa."

Ya kwanza akasema hai. Ya pili hai. Ya tatu akaizungusha sana. "Hai," akasema, akaiweka kando.

Shemeji akaiokota, akaizungusha bila nia yoyote, kuchezesha mkono tu. Akasita. Akaizungusha tena.

"Dada, hii inakwaruza. Hata mimi naisikia."

Mke wangu akaichukua. Akaizungusha. Akaibandika kwenye shavu, akaizungusha tena.

"Kweli," akasema. "Inakwaruza."

Shemeji akanigeukia. "Vidole vyake vina nini, shemeji?"

"Mwenyewe yupo, muulize."

"Vimekufa," akasema mke wangu. "Vimetangulia tu."

Hatukucheka.

"Basi pumzika, dada. Nitampelekea yule fundi wa njia panda."

"Yule wa mluzi?"

"Sasa nifanyeje? Kuna watu chini."

"Najua kuna watu chini."

Akakaa. Nilidhani atarudi kitandani, na nilijua akirudi hatainuka tena. Akavuta taa.

"Nipe zote nne."

Aling'oa beringi zote, nzima na mbovu, akazitumbukiza mkebeni. Akaweka mpya, akikandamiza ukingo wa nje peke yake, maana ukikandamiza wa ndani unaumiza gololi. Aliongozwa na macho. Kazi ya asubuhi ikala mchana mzima, shemeji akalala kwenye benchi.

"Kuanzia leo sipimi," alimwambia alipoamka. "Kila msimu natoa zote."

"Hata zilizo hai?"

"Hata zilizo hai."

"Si una shavu?"

"Leo shavu. Kesho nalo?"

Alifanya hivyo mpaka alipofariki. Droni ile haijaanguka.

Juzi shemeji alikuja. Msimu umekaribia, beringi mpya zimeadimika. Akauomba mkebe, apeleke njia panda wamchambulie zilizo hai. Najua zimo. Nimejaribu mwenyewe, lakini vidole vya mwashi havisikii kitu. Kwangu zote zinateleza.

"Zilizo hai hazimo," nikamwambia. "Dada yako alishazitoa."

Akautazama mkebe. Akakaa kidogo kwenye benchi. Kisha akaenda kutafuta mpya.