Mfereji Uliochagua Majina

Kavinya ni binti wa mchonga vinyago wa Pumwani, mzee aliyekuwa akigomba mtu akitupa hata kibanzi cha mti. Alipokua akawa fundi wa programu kwenye karakana moja mtaani Baba Dogo, akiandikia mifereji ya maji inayofunguka kwa kadi. Naye akaandika kwa ubahili ule ule: ndani ya chipu, ule ubongo mdogo wa mfereji, kila kitu alikibana ubavuni mwa kingine, bila pengo.

Mambo yalikwenda sawa hadi siku walipoongeza majina ya wateja. Asubuhi ile Norah, msimamizi wa mfereji mmoja katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben, alimpigia simu.

"Njoo haraka. Zedekiah amepata maji, Carolyne amepata. Mzee Ndolo akiweka kadi, mashine inazima. Watu wanasema inabagua Wakamba!"

Kavinya, Mkamba mwenyewe, alikuta foleni imepinda na mzee Ndolo amesimama na mitungi mitupu.

"Mwanangu, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mzee. Norah, hebu jaribu kadi yako."

Norah, Mluhya wa Kakamega, akaweka. Mashine ikazima. Watu wakaangua kicheko, na tuhuma ikaishia hapo. Kavinya hakucheka, jambo lilikuwa limemnasa. Aliketi juu ya mtungi, kompyuta magotini, akahesabu herufi. Zedekiah nane, Carolyne nane. Ndolo tano, Norah tano.

Kumbukumbu ya chipu ni safu ya vijumba vyenye namba, kuanzia sifuri. Jina huingia kwanza, herufi moja kila kijumba, kisha hufuata lita zilizobaki, zinazojaza vijumba vinne. Chipu ile huvisoma vyote vinne kwa mkupuo, na hukubali tu vikianzia kwenye namba inayogawanyika kwa nne. Baada ya herufi nane, lita zilianzia namba nane, sawa. Baada ya herufi tano, zilianzia namba tano, chipu ikagoma.

"Kumbe ni ubahili wangu," alisema, haya na furaha zikimjia pamoja.

Akabadilisha mstari mmoja wa programu, kila jina liongezewe vijumba hadi namba inayogawanyika kwa nne: la Ndolo likapewa vinane, ingawa linahitaji vitano. Norah, aliyekuwa akichungulia, akashangaa.

"Yaani vitatu vinakaa bure? Na sisi huku tunalala sita chumba kimoja!"

"Vinakaa bure, ndiyo."

Mzee Ndolo akaweka kadi, maji yakatoka. Kavinya akabaki hapo hadi adhuhuri, akimwuliza kila aliyekuja jina lake, akihesabu kwa vidole herufi zake na vijumba vitakavyokaa bure, kabla kadi haijaingia.